Nimepunguzwa tumbo, natapika kila siku, na mavyaa anaendelea kunipikia

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi, na ninaishi Makorora hapa Tanga pamoja na mume wangu, watoto wetu na mavyaa wangu, ambaye alihamia kwetu kutoka Pangani baada ya baba mkwe kufariki. Kwa miaka mingi nimeishi na mwili mkubwa, presha, na magoti yanayouma kiasi kwamba kusimama ubaoni vipindi viwili mfululizo kulikuwa adhabu. Baada ya kujaribu kila namna ya kujinyima bila mafanikio ya kudumu, tulikubaliana na mume wangu niende Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, ule ambao sehemu kubwa ya tumbo hukatwa na kutolewa kabisa. Upasuaji ulikwenda salama, nikapewa karatasi ya maelekezo ya chakula na dawa, nikarudi nyumbani.

Sasa niko katika wiki ya tatu. Mume wangu aliniomba tusimwambie mama yake ukweli, kwa sababu akijua kwamba nimekatwa tumbo ili nipungue atasema tumechezea maumbile ya Mungu, na habari itafika Pangani kabla ya magharibi. Tulimwambia tu kwamba nimefanyiwa upasuaji wa tumbo, naye akaelewa kuwa ni wa kizazi. Tangu hapo ananiuguza kama anavyouguzwa mzazi: asubuhi uji wa pilipili manga wenye samli na sukari, mchana supu ya kuku wa kienyeji au bokoboko, jioni wali wa nazi kwa samaki. Akishaniandalia hukaa mbele yangu mpaka aone sahani imepungua. Nikila vijiko vitatu kifua kinabana, mate mazito yananijaa mdomoni, na inanibidi niende uani kutapika huku nimefungulia maji ili asisikie.

Siku hizi natapika kila siku, mara nyingine hata maji matupu. Nikisimama ghafla napata kizunguzungu, na mkojo umekuwa wa rangi ya chai. Vidonge vya vitamini nimeviacha kwa sababu vinakwama. Ninachoendelea kumeza ni dawa yangu ya presha, ile ya kukojoza, na diklofenaki ya magoti ambayo hununua duka la dawa kama zamani. Wifi yangu alipokuja kunitazama alisema waziwazi kwamba mtu asiyekula namna hii ana mkono wa mtu, na mavyaa ameanza kunichemshia majani ya kufungua tumbo. Mume wangu ni dereva wa lori la saruji na siku nyingi hayupo. Kinachonivunja moyo zaidi ni kwamba mizani nayo imesimama kwenye kilo zilezile kwa wiki nzima, nikajiuliza mateso haya yote ni ya nini.

Nifanyeje na chakula cha mavyaa bila kumvunjia heshima? Ramadhani iko karibu, je, nitaweza kufunga? Na je, nitoe kijiti cha uzazi wa mpango, maana nimeambiwa kinanenepesha?

Mwanao, Makorora.

*

Marahaba, mwanangu, na pole.

Umeniuliza kuhusu heshima ya mavyaa, lakini nitaanza na kutapika, kwa sababu hilo haliwezi kungoja. Kutapika mara mojamoja katika wiki za mwanzo, kwa kuwa mtu amekula haraka au amezidisha kijiko, hutokea na hupita. Kutapika kila siku mpaka maji hayakai, pamoja na kizunguzungu cha kusimama na mkojo wa rangi ya chai, ni dalili kwamba mwili umepungukiwa maji, na upungufu huo ni miongoni mwa sababu kubwa zinazowarudisha hospitalini watu waliofanyiwa upasuaji kama wako. Leo hii piga namba iliyo kwenye karatasi yako ya ruhusa, umweleze daktari aliyekupasua kila ulichonieleza mimi, pamoja na dawa unazomeza. Usipompata, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, na usisubiri mumeo arudi safari.

Ukifika Bombo, au zahanati yoyote iliyo karibu, usiseme tu kwamba unatapika, kwa sababu ukisema hivyo utadhaniwa una malaria au tumbo la kawaida. Toa karatasi yako na useme kwamba mfuko wako wa chakula umepunguzwa, kwamba ni wiki ya tatu, kwamba umetapika kwa siku nyingi na vitamini umeziacha. Kisha ulizia thiamini, ambayo ndiyo vitamini B1. Akiba yake mwilini hutosha wiki chache tu, na mtu anayetapika bila kula huimaliza upesi. Tatizo ni kwamba dripu ya glukosi, ambayo ndiyo huduma ya kwanza anayopewa mgonjwa aliyelegea, huulazimisha mwili kutumia thiamini hiyo kidogo iliyobaki, na ikiisha kabisa ubongo na mishipa ya fahamu huweza kudhurika kwa namna isiyorekebishika. Ndiyo maana thiamini hutakiwa kutangulia glukosi au kwenda nayo pamoja. Ukianza kuhisi ganzi miguuni, kuyumba unapotembea, kuona kitu kimoja kama viwili, au watu wa nyumbani wakikuona unachanganya maneno, hiyo ni dharura ya saa ileile. Jambo jingine la kuwaambia wahudumu ni kwamba mpira wa kupitisha puani hadi tumboni usiingizwe kabla hawajazungumza na daktari wa upasuaji, kwa kuwa mshono wa ndani bado haujakomaa.

Daktari atataka pia kujua kama unatapika kwa sababu ya aina ya chakula tu, au kama sehemu ya tumbo iliyobaki imevimba au imebanwa mahali. Hilo huchunguzwa kwa picha, au kwa kamera nyembamba inayoingizwa kupitia mdomoni, na likigunduliwa mapema lina matibabu.

Zipo dalili ambazo zikikutokea usiku hupaswi kungoja kuche. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua, maumivu mapya ya bega la kushoto, au moyo unaokwenda mbio ukiwa umetulia: mapigo yakibaki juu ya 100 kwa dakika mpigie daktari, yakifika 120 nenda hospitali. Dalili hizo huweza kumaanisha kwamba mshono wa ndani unavuja, jambo ambalo si la kawaida lakini hutokea hata wiki kadhaa baada ya mtu kuruhusiwa. Kuvimba na kuuma kwa mguu mmoja kwenye kigimbi, au kukatika pumzi ghafla, huashiria damu iliyoganda. Kuhesabu mapigo hakuhitaji kifaa. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono chini ya kidole gumba, utazame saa kwa dakika nzima.

Sasa dawa, ambazo kwa kweli zimenitia wasiwasi kuliko chakula. Dawa ya presha ya kukojoza hutoa maji mwilini, na wewe maji huna. Zaidi ya hayo, presha ya watu wengi hushuka mapema baada ya upasuaji huu, hata kabla kilo hazijapungua sana, na kipimo kilichokufaa mwezi uliopita huenda leo kinakuangusha. Pima presha ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama, kabla ya kumeza kidonge kinachofuata, na uulize leo kama usimamishe au upunguziwe. (Msomaji mwingine aliye katika hali kama yako na anayetumia insulini au glibenklamaidi kwa ajili ya kisukari aulize vivyo hivyo, kwa sababu sukari yake huweza kushuka hadi kuzimia.) Diklofenaki iache, na ndugu zake akina ibuprofeni na aspirini usizinunue bila daktari wako kukubali, kwa kuwa hutengeneza vidonda katika tumbo ambalo bado lina mshono mbichi. Kwa magoti tumia parasetamo, usizidishe kipimo kilichoandikwa. Vitamini zisiachwe; omba za kutafuna, za maji au za kuyeyusha, kwa sababu hizo ni za maisha yako yote, pamoja na vipimo vya damu ambavyo kliniki yako itakupangia. Majani ya kufungua tumbo yakatae kwa upole. Tumbo lako halikufungwa na mtu, na dawa ya kuharisha itakumalizia maji yaliyobaki.

Ili uelewe kwa nini vijiko vitatu vinakushinda, fahamu kilichofanyika. Karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, au zaidi kidogo, imetolewa, na uliobaki ni mfereji mwembamba wenye umbo la ndizi ambao kwa sasa umevimba na hubeba chakula kidogo sana. Hauwezi kutanuka kama zamani, kwa hiyo kijiko cha ziada hupanda juu, na yale mate mazito unayoyataja ni njia ya mwili kujaribu kukisukuma kilichokwama. Wali hukwama. Bokoboko hunata. Samli na tui zito huchelewa kushuka, na uji wenye sukari nyingi huweza kuleta kutokwa jasho, moyo kudunda na tumbo kukoroga. Hakuna hata kimoja katika vyakula vya mavyaa wako kilicho kibaya kwa mzazi aliyejifungua; shida ni kwamba amepika kwa ajili ya mgonjwa mwingine.

Mpaka daktari akuone, rudi kwenye vinywaji pekee, hata kama karatasi yako inaruhusu vyakula vilivyosagwa katika wiki hii. Tafuta kikombe kidogo cha kahawa, kile kisicho na mkono kinachotumika barazani, ukijaze maji ya kawaida na ukinywe kwa mafunda madogo kwa muda wa dakika 15 au zaidi, kisha ujaze kingine. Lengo ni kufika lita moja na nusu kwa siku, na njia rahisi ya kujua umefika wapi ni kujaza chupa ya kiasi hicho asubuhi na kumimina kutoka humo tu. Usitumie mrija, usinywe soda wala maji ya gesi, na kahawa yenyewe iache kwa sasa. Kama hata mafunda hayo yanarudi, usiendelee kujaribu nyumbani, nenda hospitali.

Vinywaji vikishakaa na daktari akikubali, lisha mwili protini kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu ndiyo inayofunga mshono na kulinda misuli. Wataalamu wengi hulenga gramu 60 hadi 80 kwa siku. Glasi ya maziwa ina takriban gramu 8 na yai moja takriban gramu 6, kwa hiyo utaona kwamba hufiki huko kwa uji. Koroga maziwa ya unga ndani ya maziwa yasiyo na mafuta mengi, tumia mtindi usio na sukari, supu ya samaki iliyochujwa, kisha katika hatua ya vyakula vilivyosagwa samaki aina ya changu aliyechemshwa akaondolewa miba na kusagwa na mchuzi wake, choroko au dengu zilizopondwa zikachujwa maganda, na mayai laini. Kula kwa kijiko cha chai, kwa dakika 20 hadi 30, uache mara tu kifua kinapoanza kubana. Usinywe wakati wa kula, na subiri nusu saa baada ya kula ndipo unywe.

Mavyaa wako ndiye anayeshika jiko, na hapo ndipo ninapotofautiana na mumeo. Alikuwa na nia njema, lakini anayekaa mbele ya sahani ni wewe, yeye yuko njiani. Siri hii ilipangwa ili kuepuka maneno, na sasa imezaa maneno mabaya zaidi, kwa sababu mtu anayetapika kwa kificho na kukonda bila maelezo ndiye hasa anayesemwa kuwa amerogwa. Tena fikiria usiku ule ambao utazimia na mumeo yuko mbali: mavyaa atakupeleka hospitali akiwaeleza madaktari kwamba ulipasuliwa kizazi, nao watatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. Kwangu mimi hiyo inatosha kuvunja makubaliano. Mpigie mumeo umwambie kwamba utamweleza mama leo, na kwamba ungependa yeye mwenyewe azungumze naye kwenye simu baada yako. Humwombi ruhusa, unamtaarifu kwa heshima, kwa kuwa ni mwili wako na ni uhai wako.

Zungumza na mavyaa mkiwa wawili, baada ya alasiri pengine, kabla hajawasha jiko la jioni. Sema, kwa maneno yako, kitu kama hiki: "Mama, nilikuficha jambo kwa kuogopa maneno ya watu, na ninakuomba radhi. Presha na magoti vilikuwa vinanimaliza, daktari akanipunguza tumbo. Chakula chako si kibaya, ila kidonda cha ndani hakijapona na ninakitapika chote. Nisaidie." Kisha msomee karatasi ya hospitali mstari kwa mstari. Huenda akanuna, na huenda akasema hayo ya maumbile ya Mungu. Usibishane naye, mwambie kwamba ulikwenda kutibiwa maradhi, na umwache atulie. Halafu mpe kazi, kwa sababu mwanamke aliyezoea kuuguza kwa chungu hataridhika kuambiwa aache kupika. Mtu wa Pangani hafundishwi samaki. Mwombe achague changu mbichi, amchemshe bila tui wala pilipili, amchambue miba kwa vidole vyake na kumponda mpaka alainike kabisa. Mwombe pia akae nawe wakati wa kula kama alivyozoea, ila badala ya kutazama sahani atazame saa, akukumbushe kwamba dakika moja haijapita tangu kijiko kilichotangulia.

Wifi na majirani hawadai maelezo hayo. Sinia za vitumbua zipokee, shukuru, wape watoto, na useme tu kwamba daktari amekupangia chakula. Hilo ni kweli na linatosha. Ila mwandae mavyaa mapema kwa jambo moja: kati ya miezi mitatu na sita baada ya upasuaji huu nywele za wengi hunyonyoka kwa muda kisha huota tena, na ni afadhali alisikie kutoka kwako leo kuliko kutafsiriwa na wifi wakati huo.

Mizani kusimama katika wiki ya tatu ni jambo ambalo madaktari wa fani hii hulisikia karibu kila siku. Siku za mwanzo mwili hutoa akiba ya wanga pamoja na maji mengi yanayoshikamana nayo, kilo zikashuka haraka. Baadaye hujirekebisha na mizani hutulia kwa muda. Pima mara moja kwa wiki, asubuhi, kwenye mizani ileile. Upungufu mkubwa huja polepole katika mwaka wa kwanza na kuendelea kidogo baada ya hapo. Na kilo zinazotoka kwa kutapika usizitamani, kwa kuwa hizo ni maji na misuli. Majuto unayoyahisi nayo huwapata wengi katika wiki hizi, hasa wakiwa na njaa ya maji na usingizi. Yakizidi mpaka huoni thamani ya kuishi, mwambie daktari waziwazi kama unavyomwambia kuhusu homa.

Usibebe ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na wengi huelekezwa wasinyanyue zaidi ya kilo 5 hivi kwa wiki nne hadi sita, hata kama makovu ya nje ni matundu madogo yaliyokwisha kufunga. Watoto wachote maji. Kutembea, kinyume chake, ni dawa: zunguka uani, kisha mtaani jua likishuka, mara kadhaa kwa siku, maana kulala kutwa ndiko kunakogandisha damu miguuni.

Kuhusu Ramadhani, mwaka huu usifunge. Mtu anayepaswa kunywa funda kwa funda tangu asubuhi hadi usiku hawezi kufidia lita moja na nusu kati ya futari na daku, na wataalamu wengi hutaka mwaka upite kabla ya kulifikiria jambo hilo. Aya ya 185 ya Suratul Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kutimiza hesabu katika siku nyingine. Namna ya kulipa utamuuliza shehe wako ukishapata kauli ya daktari. Mavyaa akishajua ukweli, hutalazimika kula kwa kujificha mchana.

Kijiti usikitoe. Mwanamke anayepungua kwa haraka huweza kushika mimba kwa urahisi kuliko alivyokuwa, hata aliyekuwa na hedhi za kukatikakatika kwa miaka, na mimba haitakiwi mpaka ipite miezi 12 hadi 18 ili mtoto asikute mwili usio na madini ya chuma, wala vitamini za foliki na B12 za kutosha. Kijiti hakipiti tumboni, kwa hiyo kutapika hakukipunguzii nguvu kama kunavyoweza kupunguza nguvu ya vidonge. Angalia kwenye kadi yako ya uzazi wa mpango tarehe ya kukibadilisha, na kama inaangukia ndani ya kipindi hicho, waambie kliniki mapema ili usikae bila kinga.